Kanga Nyuma ya Kioo

Jamani, mpaka leo nikipita kwenye duka lile la Korogwe nainamisha kichwa. Pana mashine ya kioo yenye mkono wa chuma wa kunyakua midoli, nami nilijiona fundi wake. Mdoli uliobanwa na wenzake siugusi. Natafuta uliolala peke yake karibu na tundu. Tena lazima mtu asimame ubavuni aniambie mkono umefika wapi.

Siku hiyo mke wangu alikwenda stendi kumpokea mama yake kutoka Vugiri. Nimemkodolea macho sungura mweupe, nikaona kanga yake ya njano upande wa pili wa kioo. Kumbe amesharudi!

"Mpenzi, niangalizie. Nimefika?"

"Bado. Mbele kidogo," akajibu taratibu. "Hapo hapo."

Nikabonyeza. Sungura akanyanyuka, akadondokea tunduni! Nikazunguka mbio naye, nikamkumbatia kiuno kwa nyuma. "Mke wangu, wewe ndiye bahati yangu!"

"Baba Zai, unafanya nini?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni, mkungu wa ndizi kichwani, kanga ya njano kiunoni. Nilisahau kwamba doti ile aligawana na mama yake.

Mama mkwe hakunisukuma. Alimpokea sungura, akampapasa masikio, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Na shikamoo nilikuwa sijaitoa.