Blogu Yangu na Kiwanja cha Ngulyati

Kwa miezi miwili mizima niliamini kwamba Mwanza, ghorofa ya tatu ya jengo fulani, kuna bwana mmoja anayesoma blogu zote za Kanda ya Ziwa kila asubuhi na kuzipanga: hii juu, hii chini, hii kapuni. Aliyeniambia ni mwenzangu wa masomo ya jioni, fundi simu, ambaye mjomba wake eti ndiye aliyekuwa anafagia ngazi za jengo hilo. Mjomba alikuwa ameona kwa macho yake. Bwana huyo hunywa chai saa nne kamili. Blogu zilizofika kabla ya chai huzisoma kwa utulivu. Zilizofika baada ya chai huzipitia ameshiba, anapiga miayo, basi zinakwenda chini. Mimi ni dalali wa viwanja, nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata kichwa kikiwa kimeshaanza mvi, nimesoma fizikia mpaka nikaota nyaya, na habari hiyo niliimeza nzima nzima bila maji.

Msinicheke sana. Nilikuwa nimebanwa.

Aliyenibana ni muuguzi mmoja mstaafu, mama ambaye amechoma sindano nusu ya watu wazima wa Bariadi, mimi nikiwemo, na mpaka leo nikimwona nasimama kiupande upande. Alikuwa anauza kiwanja chake cha Ngulyati ili akajenge kwao Ipililo, jirani na mama yake mzazi ambaye macho yalikuwa yameshazima. Bibi yule alikuwa anapapasa ukuta kwenda chooni, na binti yake hakutaka mvua nyingine zimkute akipapasa peke yake. Akanipa nakala ya ofa, ile barua ya serikali ya kumilikishwa kiwanja, akasema:

"Ngosha, nakupa miezi miwili. Bati lazima liwe juu kabla mvua hazijaanza. Ukishindwa nampa yule mwenzako wa blogu."

Yule mwenzangu wa blogu! Hayo maneno yaliniuma kuliko sindano zake zote. Zamani madalali wote tulikaa benchi moja pale karibu na stendi, tunagawana karanga na matusi. Huyu mmoja akafungua blogu, akaacha kukaa. Ikawa walimu na maofisa wanaohamishiwa huku kutoka Iringa, Tanga na wapi sijui wanashuka kwenye basi wakimuulizia yeye, wakati sisi tupo pale pale, tumevaa na mashati tumepiga pasi. Nikafungua blogu yake nione uchawi gani anafanya. Hakuna uchawi. "Kiwanja kinauzwa Ngulyati nyuma ya shule, kina ofa, njoo uone." Basi. Hana mkato, hana aya, hana hata salamu. Mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani jioni hata siku moja kwa macho yangu!

Nikaenda kwa dada wa steshenari, anayechapa barua za watu na kutoa fotokopi, nikamwambia nifungulie na mimi. Akanifungulia kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai. Kumbe kufungua si kazi. Kazi ni kuandika, na kuandika wakati moyo unajua kuna bwana anakusubiri na kikombe mkononi. Nilikuwa natetemeka. Nilifanya mtihani wa hisabati nikiwa na malaria na sikutetemeka vile.

"Haya kaka, taja maneno," aliniambia, vidole tayari.

"Andika: Ardhi ni kitu muhimu sana kwa binadamu, mifugo na mimea. Bila ardhi tungesimama wapi?"

Vidole vikasimama. "Kaka, hii ni insha au tangazo?"

"Wewe andika. Kuna wakubwa wanasoma."

"Wakubwa gani?"

"Andika tu, dada yangu, saa nne inakaribia."

Akaandika. Tukafika kwenye kiwanja chenyewe. Nikasema kipo mahali palipoinuka, udongo mzuri, majirani watu wa heshima, wanaamka mapema. Akauliza, "Kipo wapi? Niandike mahali gani?" Nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto.

"Mahali usiandike! Andika: mahali kamili mteja ataelezwa tukionana."

Hapo nieleze, maana asiye dalali anaweza kuniona mjinga. Kwetu mahali ndipo ugali ulipo. Ukimtajia mteja mahali, anakwenda mwenyewe, anaongea na mwenye kiwanja, wanakubaliana, wewe unabaki na benchi lako. Kuna mteja mmoja nilimtajia mahali kwa wema tu. Mwaka uliofuata alinipungia mkono kutoka kwenye veranda ya nyumba aliyoijenga pale pale, akaniuliza nimepotelea wapi. Tangu siku hiyo mteja namchukua kwa bodaboda na kumzungusha kwanza kana kwamba tunakwenda Nkololo, tunazama vichochoroni, tunatokea mahali ambapo hata mimi nashangaa. Mmoja aliniuliza kama bado tuko Tanzania. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndivyo nilivyomfundisha aliyenifuata.

Picha nayo ilikuwa vita. Nyuma ya kile kiwanja kuna kibao cha shule, kimeandikwa jina la mahali kwa herufi za kusomeka kutoka mwezini. Kila nikipiga picha, kibao kimo. Nikakaa juani nikisubiri ng'ombe wa watu wapite mbele yake. Wakapita wote upande mwingine, makusudi kabisa. Mwishowe dume moja jekundu lenye nundu kama gunia la pamba likasimama sawasawa, likafunika kibao chote, nikapiga. Picha nzuri sana. Nikaiweka kabla ya saa nne.

Maoni yakaja siku ile ile! Nilimwita dada wa steshenari kwa sauti mpaka wenye duka jirani wakatoka. Tukafungua. La kwanza: "Huyo dume bei gani?" La pili: "Ni wa kwako au wa mnada?" La tatu lilikuwa la mtu aliyesema anamfahamu mwenye ng'ombe na kwamba ana madume mazuri kuliko hilo.

Nikaandika tena. Nikaandika kuhusu faida za kiwanja, hasara za kutokuwa na kiwanja, historia ya binadamu na makazi yake. Nyingine niliianza kwa "Mheshimiwa msomaji mkuu, shikamoo," nikitumaini bwana wa Mwanza ataelewa anasalimiwa yeye. Dada wa steshenari aliacha kuuliza, akawa anachapa huku akiangalia nje. Nami kila asubuhi nikitafuta viwanja kwenye simu naikuta blogu ya mwenzangu iko juu, yangu haionekani hata ukiitafuta kwa tochi. Nikahitimisha kwamba yeye na bwana wa Mwanza wametoka kijiji kimoja. Nilikasirika mpaka nikapunguza chai.

Miezi miwili ikaisha hivyo. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mashariki kila mchana, asubuhi moja nikamwona yule mama anakuja benchini, simu mkononi, miwani puani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Kisukuma, nikisimama kiupande.

"Mwangaluka. Naomba nakala yangu ya ofa."

"Mama yangu, nipe wiki moja tu. Nimeandika habari kumi na moja!"

"Nimezisoma. Ile ya historia ya binadamu nimeisoma yote." Akakaa benchini, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Jirani yangu, tunapakana ukuta kwa ukuta, alimpa mwenzako kiwanja chake Jumatatu. Ijumaa amekuja mwalimu kutoka Iringa, amekinunua. Mwalimu huyo angeweza kununua changu. Mafundi wa Ipililo wangekuwa wameanza msingi leo."

Nikaanza kueleza. Nikamweleza ghorofa ya tatu, nikamweleza chai ya saa nne, nikamweleza upendeleo wa watu wa kijiji kimoja, mikono yangu ikipaa. Madalali wenzangu wakaacha kutafuna karanga. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa anawasikiliza wagonjwa wanaoeleza walichokula tangu juzi. Kisha akanyoosha mkono. Nikatoa ofa kwenye mfuko wa shati nikampa. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Mwanza hakuna mtu huyo," akasema. "Ni mashine, inakuletea maneno uliyoyatafuta. Mwalimu ametafuta Ngulyati. Wewe kwenye habari zako zote kumi na moja hujaandika Ngulyati hata mara moja."