Mguu wa Bwana Juu ya Klachi

Watu wakisikia kwamba nilitengeneza motokaa enzi za Wajerumani, hukaa vizuri wapate kucheka. Mimi sicheki. Miaka imepita mingi, na bado nikikumbuka mambo yale meno yangu yanasagana.

Nilikuwa mtu mzima, mhunzi mtoto wa mhunzi, kutoka Kolo kwenye milima ya Kondoa. Reli ilipofika Dodoma nilipata kazi katika karakana yake, nikajua nati, springi na ribiti. Huko ndiko Mzungu mmoja mnunuzi wa ngozi alikonichukua. Alikuwa ameletewa kwa treni motokaa kutoka pwani, iliyokwisha kutumiwa na wenzake wawili. Ilifika imechoka. Yeye aliiringia kama bibi harusi.

Siku moja tulikuwa tunakwenda Makutupora. Katikati ya mchanga injini ikanguruma kama inataka kupasuka, lakini magurudumu yakazidi kupunguza mwendo, mwisho yakasimama kabisa.

"Mashine imekufa," Bwana akasema.

Akawaita wapagazi wake wanane waliokuwa wakija nyuma na mizigo ya ngozi, akawaamuru wasukume hadi Dodoma. Jua la Ugogo mnalijua. Yeye alikaa juu, ameshika usukani, kofia kichwani, akiwatukana kila motokaa ilipopunguza mwendo. Mmoja wao alichunika bega hadi damu. Mizigo yao ilikuwa imepakiwa humo, na haukushushwa hata mmoja kuifanya motokaa iwe nyepesi.

Kesho yake nikaanza kuitafuta kasoro. Kama injini ingekuwa imekufa, isingenguruma vile. Nikaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu, nikaiwasha, nikatia gia kubwa, nikaachia pedeli taratibu. Injini iliyoshikana barabara na magurudumu ingezimika palepale kwa kushindwa na mawe. Hii iliendelea kuzunguka kwa raha zake. Basi nguvu ilikuwa inapotea katikati, kwenye klachi.

Klachi ya siku zile haikuwa kama hizi za leo. Ilikuwa kama bakuli la chuma lililovishwa mkanda wa ngozi kwa nje. Springi ililisukuma liingie ndani ya gurudumu zito la injini na kulibana. Ukikanyaga pedeli, bakuli linatoka. Ukiachia, linarudi kubana.

Kwanza nilidhani ni oili imeivujia ngozi. Nikaiosha kwa petroli, nikaikausha. Ilivuta siku moja tu, ikateleza tena. Nikafungua kila kitu. Ngozi ilikuwa imeungua, nyeusi, laini kama kioo, na vichwa vya ribiti, ile misumari iliyoishika, vimetokeza na kuchora mistari kwenye chuma.

"Itaagizwa Ulaya," Bwana akasema. "Miezi mingi."

"Bwana, ua wako umejaa ngozi."

"Ngozi za washenzi!" Lakini alitaka kutembea na motokaa yake, akaniacha nijaribu.

Nikamwendea Mgogo mmoja aliyekuwa akishona makubazi karibu na stesheni. Nikamweleza.

"Itabana chuma kinachozunguka?" akauliza. "Basi usichukue ya tumboni, ile huvutika. Chukua ya shingo ya dume. Nitaikwangua iwe na unene mmoja."

Alifanya kazi ile kwa siku mbili, akiipima kwa vidole tu. Tuliilowesha, tukaivuta juu ya bakuli ingali mbichi, nikaigonga ribiti za shaba nikizizamisha ndani ya ngozi zisiguse chuma. Ilipokauka nikaipaka mafuta ya nyonyo isikakamae. Motokaa ikavuta, hata mchangani. Jioni ile Bwana aliwaambia wageni wake kwamba ameitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mikono yangu ikinuka nyonyo.

Hilo ningelimeza. Lakini nilipokuwa nikikaa kando yake safarini niliona kilichoiunguza ile ngozi ya kwanza. Buti lake halikuondoka kwenye pedeli. Aliliegemeza pale njia nzima, kama mtu aliyeweka mguu kwenye kigoda. Klachi haikubana wala haikuachia, ngozi ikawa inasuguliwa tu. Nilimwambia mara mbili, kwa adabu, tukiwa wawili. Buti likabaki palepale.

Haukupita mwezi, tukiwa na wageni wawili Wazungu, harufu ya ngozi inayoungua ikatupanda puani. Motokaa ikasimama.

"Umeweka ngozi mbovu!" akanifokea.

"Ngozi si mbovu, Bwana. Ni mguu wako. Hauondoki kwenye pedeli."

Mgeni mmoja aliyejua Kiswahili akaangua kicheko. Bwana akawa mwekundu.

Asubuhi akanipa barua iliyofungwa. "Peleka bomani. Usikawie."

Nilijua kusoma herufi za Kiarabu, si zile zao. Nikaenda mbio, naam, mbio, nisije nikaambiwa mvivu. Karani akaifungua, akasoma, akanitazama.

"Unajua umeleta nini?"

"Barua ya Bwana."

"Umeleta hamsa ishirini zako, ndugu yangu."

Askari wawili wakanilaza nipigwe hivyo viboko ishirini na vitano. Sitaeleza kiboko, aliyepigwa anajua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliibeba mwenyewe, nikaifuta jasho isilowe.

Sikurudi kwa Bwana ila kuchukua nyundo na koleo zangu, vitu vya baba yangu. Motokaa ilikuwa uani, imefunguliwa matumbo. Nikaipita. Nikafuatana na wachuuzi waliokuwa wakienda Kondoa, nikilala kifudifudi kila tulipopumzika, mpaka Kolo.

Wiki kadhaa baadaye akapita nyumbani kwetu mtu wa Bwana, akikusanya ngozi vijijini. Akasimama mlangoni.

"Bwana anasema urudi. Motokaa haivuti, na hakuna mwingine anayeijua. Amesamehe."

Amesamehe! Kabla sijafumbua mdomo, mama yangu aliyekuwa akipeta uwele aliweka ungo chini.

"Mwambie huyo bwana wako," akasema, "akimtaka mwanangu aje mwenyewe. Na aje kwa miguu."

Yule mtu akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba motokaa ilivutwa na ng'ombe hadi stesheni, na wapagazi wanane walewale wakaipandisha kwenye behewa la kurudi pwani kwa mabega yao.