Haragwe la Skola

Nilipokuwa mtoto, mawingu yakifunga upande wa Ufipa, bibi yangu aliacha chochote alichokuwa akifanya na kutuita ndani mmoja mmoja kwa majina. Aliyevaa nguo nyekundu alivuliwa. Kinu kilinyamazishwa, mitungi ya maji ikafunikwa, na neno radi halikutajwa, tulisema "jogoo". Kwa bibi, jogoo huyo alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Mfipa.

"Wale wanamfuga," alituambia. "Ukimuudhi Mfipa kiangazi, mwombe radhi kiangazi hichohicho. Usingoje masika."

Leo mimi ni mwanamke mzee, mwalimu mstaafu, na ningependa sana kusema kwamba sikuwa naamini maneno hayo. Niliamini. Tena ubaya wenyewe niliufanya baada ya kuacha kuamini, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Tulikaa milimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Itaka, enzi za Mwingereza. Tulikuwa Wanyiha watupu, wakulima wa kahawa na ulezi, watu wa misheni. Katika kijiji kizima Mfipa alikuwa mmoja, na mkewe, na binti yao. Alikuja kufanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu, akapewa kiwanja kule chini karibu na mto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tulimpa, akalima miaka sita, lakini ugeni hatukumvua hata siku moja. Hata jina hakuwa nalo kwetu. Alikuwa Mfipa, na mkewe alikuwa Mke wa Mfipa.

Binti yao aliitwa Skolastika, kwa kifupi Skola. Nilikaa naye benchi moja tangu darasa la pili, kwa kuwa wengine wote walikataa kukaa naye na mimi siku ya kugawana mabenchi nilichelewa. Kwa hiyo hata urafiki wetu siwezi kujisifia. Skola alikuwa Mkatoliki kati yetu tusio Wakatoliki, na kila alipojipiga ishara ya msalaba darasa zima lilimwiga kwa kejeli. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, maana kwenye kambi ya vibarua wa mzungu walichanganyika makabila na kila mtu alisema Kiswahili, wakati sisi tulikipata shuleni tu, tukakirudisha nyumbani kimejaa Kinyiha. Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa hesabu hakuwa na mwenzake. Mwalimu Simeoni akiandika swali ubaoni, Skola alikuwa ameshaweka kalamu chini kabla yangu, na mimi ndiye niliyekuwa wa pili.

Ule uvumi wa radi ulikuwa na vichekesho vyake. Mawingu yakitanda, watoto waliokuwa wakimzomea asubuhi walikuja na mahindi ya kuchoma na viazi, wakamwekea kwenye benchi kwa heshima zote. Tulikula mimi na yeye. Siku moja wavulana walimzingira njiani wakimwita mchawi, naye akawaambia kwa sauti ya upole, "Haya. Subirini mvua ya kwanza." Walitimua mbio mpaka mmoja akaacha kofia yake. Tulicheka, tukakaa chini kwenye majani tukicheka.

Lakini nilijua jambo ambalo hao hawakulijua. Skola aliogopa radi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ngurumo ikianza tu alinishika mkono na kucha zikaniingia.

Mwaka tuliokuwa darasa la nne, Mwalimu Simeoni alitangaza kwamba shule yetu itapeleka msichana mmoja kwenye shule ya bweni ya wasichana. Mmoja tu. Kungekuwa na mtihani mwezi wa Novemba, na atakayeongoza ndiye atakayekwenda. Wote waligeuka kumtazama Skola. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nyumbani, baba alikuwa ameshawatangazia watu kanisani kwamba Eliza wake atakuwa mwalimu. Nilipomwambia habari za mtihani aliniuliza nani ananishinda, nikamtajia.

"Mtoto wa kibarua?" alisema. "Mtoto wa Mfipa akasome, wa kwangu abaki kuchuma kahawa?"

Hakunipiga, hakunikaripia. Aliondoka akaenda kukata miti. Mimi nikabaki nimesimama na uso unanichoma, kana kwamba nimeiba kitu.

Wiki ya kwanza ya Novemba, asubuhi moja Mwalimu alimchapa Skola fimbo mbili kwa kuchelewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchapwa. Mchana huohuo mvua ilikuja, na radi ikapiga shule. Ilipiga upande wa nyuma, nyasi za paa zikashika moto, na ng'ombe wawili wa mzee wa kanisa waliokuwa wamefungwa hapo nje wakafa wamesimama, kisha wakaanguka. Sisi hatukuumia. Watoto walipiga kelele wakakimbilia mlangoni, na kelele zilipopungua nikasikia mtu ameng'ang'ania mguu wangu. Skola alikuwa chini ya dawati. Meno yalikuwa yanagongana, na alikuwa amejikojolea.

Basi fikiri. Mtu mwenye kufuga radi, anayeituma apendako, anajikojolea ikija? Nikiwa na miaka kumi na mbili nililiona hilo waziwazi. Maneno yote ya bibi yaliniishia palepale sakafuni. Nilimfunika kwa kitenge changu, nikamtoa nje kabla wengine hawajaona, na huo ndio wema wa mwisho niliomtendea.

Kwa sababu nje ya shule watu walikuwa wameshakata shauri. Kachapwa asubuhi, radi mchana. Wavulana wakayakumbusha yale maneno ya njiani, subirini mvua ya kwanza. Lisemwalo lipo, walisema wazee, na kama halipo laja.

Zamani jambo kama hilo liliamuliwa kwa mwavi: mtuhumiwa, au kuku wake, alinyweshwa dawa, akitapika ni safi, akifa ndiye. Serikali ilikwisha kupiga marufuku, na misheni ikahubiri dhidi yake. Lakini sisi watoto wa misheni tulikuwa na namna yetu, tuliyoitunga wenyewe kwenye bustani ya shule, na tuliiita kuuliza mbegu. Anayeshukiwa anaweka punje ya haragwe chini ya ulimi, anasema "Kama ni mimi, usiote," kisha anaipanda mwenyewe. Siku ya nane haragwe linatoa jibu. Ni marufuku kulifukua. Mpaka wakati huo tuliuliza mambo madogo tu, kama nani kaiba sabuni.

Kiranja wetu, Yona, ndiye aliyesema Skola aulizwe. Skola alikubali mara moja. Hata alifurahi. "Litaota," alisema. "Mtaona wenyewe, na mtanyamaza."

Sharti lilikuwa kwamba mbegu itoke kwa rafiki, maana mbegu ya adui huenda ina hila. Rafiki pia hupanda yake pembeni iwe shahidi. Skola alinionyesha kwa kidole.

Jioni ile mama alikuwa amebandika maji ya ugali. Yalipochemka na yeye akatoka kufuata kuni, nilichukua haragwe moja zuri, jekundu, nono, nikalidumbukiza. Nilihesabu mpaka mia. Nililiopoa kwa kijiko, nikalipangusa, nikaliacha pembeni mwa jiko likauke. Hakuna aliyenituma. Baba hakujua, na bibi, ambaye ndiye aliyekuwa na imani ya jogoo wake, asingefanya kitu kama kile. Alimwogopa Mfipa kwa moyo mweupe. Mimi nilikuwa simwogopi tena. Nilichotaka ni nafasi.

Asubuhi Skola alilipokea kwa mikono miwili. Aliliweka chini ya ulimi, akasema maneno, akapanda. Mimi nikapanda langu hatua moja kutoka pale. Kila asubuhi kabla ya kengele alikwenda kumwagilia yote mawili, lake na langu, kwa kopo.

Siku ya sita langu lilipasua udongo. Siku ya nane lilikuwa na majani mawili, na pembeni yake udongo ulikuwa mtupu. Darasa zima lilisogea kutazama. Skola alipiga magoti akauinamia ule udongo kwa karibu kabisa, kisha akainua uso akanitazama. Nilidhani amejua. Nilitazama chini, na kwa miaka mingi uso ule ulinijia usingizini, nikiamini kwamba ulikuwa uso wa mtu anayenishtaki.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Kesho yake wazazi walijaa uwanjani, baba yangu akiwamo. Mwalimu Simeoni, aliyekuwa ametuhubiria Jumapili iliyopita kwamba radi ni ya Mungu peke yake, aliwasikiliza akikuna kidevu. Mwisho alimwita Skola pembeni.

"Kaa nyumbani kwanza, binti," alimwambia. "Watu wapoe. Nitakuita."

Hakumwita. Mtihani ulifanyika siku kumi baadaye, nikiwa peke yangu kwenye benchi la watu wawili. Kesho yake baba yake Skola alikuja shuleni, amevua kofia, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi.

"Mwalimu, shikamoo," alisema, ingawa alikuwa mkubwa kwake kwa umri. "Nimekuja kuuliza mtihani ni lini, ili mtoto ajiandae."

Mwalimu alijifanya anatafuta kitu mezani. Yule baba alisubiri jibu, akatutazama sisi watoto, na alipoelewa alivaa kofia akaondoka. Kabla ya Krismasi walikuwa wamehama.

Nilikwenda bweni. Nilisoma, nikawa mwalimu kama baba alivyotangaza, nikafundisha Ruanda na Hasamba, vijiji vya hukohuko kwetu, miaka zaidi ya thelathini. Watu walinisifu kwamba Mwalimu Eliza habagui. Mtoto mgeni, mtoto wa kambini, mtoto ambaye wenzake wanamkwepa, nilimkalisha mbele na kumwita kwa jina lake kamili. Walisema nina moyo. Niliwaacha waseme.

Nilimkuta Skola Tunduma, nilipokuwa nimekaribia kustaafu. Alikuwa akiuza kapenta sokoni, wale dagaa wakavu wanaotoka ng'ambo ya mpaka, mwanamke mnene mwenye mvi, na yeye ndiye aliyenitambua.

"Eliza wewe!" alisema. "Si wewe, Eliza?"

Tuliulizana hali za watoto na wajukuu. Aliniita mwalimu, kwa furaha kabisa, bila kijembe. Nikaona nikiondoka siku ile bila kusema, sitasema tena. Nikamwambia yote palepale kwenye gunia lake: maji ya ugali, kijiko, kuhesabu mpaka mia. Nilikuwa tayari kutukanwa mbele ya soko zima. Nilitamani kutukanwa.

Skola aliweka chini kopo la kupimia.

"Ulilichemsha," alisema.

"Nililichemsha, Skola. Nilitaka ile nafasi."

Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayepiga hesabu. "Kwa hiyo haikuwa baba," alisema.

Sikumwelewa, akaona kwamba sikumwelewa.

"Mimi niliamini, mwenzangu. Nililimwagilia mwenyewe, nikaliombea rozari, likakataa. Nikasema basi, watu walisema kweli, baba anayo, na mimi kaniwekea bila kunieleza. Sikula naye tena sahani moja. Akinishika kichwa nakwepa. Ngurumo ikilia namtazama yeye. Alikuwa ananiuliza, mama, una nini na mimi? Sikumjibu. Amekufa sijamjibu."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani kosa langu ni shule. Kwamba nilichukua kiti cha mtu, na kwamba kwa kufundisha vizuri ninakirudisha kidogokidogo. Nilikuwa na hesabu yangu ya toba na niliiona inakaribia kutimia. Kumbe mtoto yule alipoinua uso kutoka kwenye udongo hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananiuliza kama na mimi nimeona, kama ni kweli, yeye ni nani. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikatazama chini. Uongo wetu wa kijiji ulikuwa nje yake miaka sita, akiucheka. Mimi ndiye niliyemwingizia ndani. Baba yake nilimwondolea wakiwa bado wanalala nyumba moja, na mzee yule siwezi kumwomba msamaha popote.

Nilijaribu kusema pole. Skola alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka tu.

"Unataka kapenta?" aliniuliza.

Nikasema nataka. Alinipimia, kisha akachota kiganja kimoja zaidi akaongezea juu, cha bure. "Mbasela yako, mwalimu," alisema, na sikuwa na uso wa kukataa, nikapokea.