Chai ya Yudron

Mwezi wa zamu yangu ya jikoni katika nyumba yetu ya watawa, kila asubuhi Mwalimu alimmiminia mtawa mwenzangu Yudron chai ya siagi na chumvi kabla yetu sote, na kila asubuhi roho iliniuma. Sifichi, nilikuwa na kijicho.

Siku ya mjadala yeye aliketi uani kujibu, mimi nikasimama kuuliza. Nikakanyaga chini kwa kishindo na kupiga kofi mbele ya uso wake, kama ilivyo desturi yetu.

"Mwalimu akimpenda mtu, humpa chai kwanza. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Wewe hupewa kwanza. Basi wewe ndiye kipenzi chake!"

"Haifuati, dada. Hitimisho lako halitokani na hoja. Mvua ikinyesha, ua hulowa. Mbona leo ua umelowa na wingu hakuna? Si wewe uliyemwaga maji ukifagia?"

Ua mzima ukacheka. Nikafoka, "Sasa kwa nini wewe?"

"Ukipika wewe, mimi huonjeshwa kwanza. Chumvi yako haina adabu!"

Moyoni nikachekelea. Kesho yake nikambembeleza mwenzetu mmoja anishikie zamu ya jikoni. Sikupika mimi, basi leo Yudron atangoja kama sisi.

Mwalimu akainua birika, akaenda moja kwa moja kwa Yudron. Yudron akanitazama juu ya kikombe chake, akasema taratibu, "Haifuati, dada."