Kwenda Itigi Kuitazama Ndege Inayoanguka

Nilitoka Mungaa kwenda Itigi kwa sababu mke wangu alikataa kupanda ndege, na sababu aliyoitoa haikuwa na shahidi. Naandika haya kwa kuwa tangu turudi yamesemwa mengi sokoni na hata mlangoni mwa kanisa: kwamba Mwalimu mzima ameingia katika michezo ya kuigiza, kwamba alicheza ngoma mbele ya watu wa reli. Sikucheza ngoma. Nitaeleza kituo kwa kituo niliyoyaona na niliyoyasikia mwenyewe. Atakayeongeza neno baada ya hapa ataliongeza kwa dhamana yake.

Binti yetu Neema anaishi Uholanzi na mumewe. Alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani hadi siku ya kujifungua, ilhali mumewe hushinda kazini. Akaandika barua ya kumwomba mama yake aende, na ndani ya bahasha akaweka tiketi ya ndege ya kutoka uwanja wa Kilimanjaro. Tiketi ilikuwa moja, na jina lililoandikwa lilikuwa la mama yake. Mama Neema aliisoma barua ile mara tatu, akafua vitenge vyake, akavipanga sandukuni. Siku ya nne alivitoa sandukuni akavirudisha kabatini.

Siku hiyo ya nne alikuwa amepita nyumbani shemeji yangu Petro, kaka wa mke wangu, ambaye hununua asali Itigi. Alitusimulia filamu aliyoiona huko kwenye ukumbi wa video. Ndege ya abiria, alisema, imepigwa picha tangu inaruka hadi watu wake wanaingia kaburini. Injini ilidondoka. Rubani alishikwa na moyo. Ukumbi mzima ulilia, na mwishoni watu walisimama kuwaombea marehemu, Waislamu kwa Wakristo.

"Nani alikueleza kuwa wamekufa?" nilimwuliza.

"Shemeji, nimeona kwa macho!"

"Umeona picha. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na wewe Kiingereza hukijui. Nani alikueleza?"

"Si yupo Ramadhani mtafsiri? Anasimama pale pale kwenye televisheni na fimbo yake."

Nikamgeukia mke wangu, nikamwambia kuwa hayo ni maneno ya kupokezana, na kwamba ndege ni chombo salama. Akanitazama.

"Baba Neema, wewe ulipanda lini?"

"Sijapanda. Nimesoma."

"Kusoma nako ni kusikia, ila kwa macho."

 Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba asiye na jibu asibuni, aende akalitafute. Nilisema nitakwenda Itigi kuitazama filamu hiyo. Mke wangu akasema naye atakwenda, nisije nikamletea habari nyingine ya kusikia.

Alhamisi alfajiri tuliondoka Mungaa juu ya lori lililobeba magunia ya alizeti. Dereva alimketisha Mama Neema mbele. Mimi nilikaa juu ya magunia na kofia yangu mkononi, kwa sababu ya upepo. Mashamba ya uwele yalikuwa yamevunwa na ng'ombe walikuwa wakila mabua. Ikungi tulishuka tukasubiri basi la kutoka Singida Mjini.

Hapo Ikungi niliona jinsi miaka hii ya ruksa ya biashara ilivyobadilisha mambo. Pale tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, sasa palikuwa na sabuni za rangi tano, redio zenye milango miwili ya kanda, na marundo ya mitumba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza chai alimwuliza mke wangu tunakwenda wapi.

"Itigi, kuangalia video," Mama Neema akajibu.

"Na mzee huyu?"

"Ndiye anayenipeleka."

Yule mwanamke alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Dada, una bahati. Wangu hata kisimani hanipeleki."

Manyoni tulifika alasiri, tukalala nyumba ya wageni karibu na stesheni. Garimoshi la kutoka Dodoma lilikuja kesho yake mchana, likiwa limechelewa, ingawa karani wa stesheni alisisitiza kwamba halikuchelewa bali saa ndizo zilizokwenda mbele. Baada ya Manyoni nchi inazibwa na vichaka. Vichaka vya Itigi si msitu wa miti mirefu. Ni miti mifupi iliyoshikana hata mbuzi hawezi kupenya, na huendelea hivyo pande zote mbili za reli. Mama Neema alikaa dirishani. Paa za mabati zilipotokea, aligeuka kwangu.

"Treni hii nayo inakwenda kasi," alisema.

"Lakini iko chini."

"Ndiyo. Ikisimama, unashuka."

Petro alitupokea stesheni, akatupeleka kwake, mkewe akatupa ugali wa mtama na kuku. Usiku ule sikusema lolote kuhusu filamu. Shahidi haulizwi kabla ya kusikilizwa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, tuliingia ukumbini pamoja na Petro. Ni banda la mabati nyuma ya soko, na madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili giza liingie. Ndani palikuwa na mabenchi, televisheni juu ya kabati, deki ya video chini yake, na nje jenereta ilinguruma. Ramadhani ni mtu wa makamo, mwembamba, amevaa koti. Alipoziona mvi zangu alinipa shikamoo ya heshima, akatuweka mbele. Kina mama kadhaa walikuwa tayari wameshika ncha za khanga zao.

Filamu ikaanza. Rubani, mtu wa sura nzito kama hakimu, akaanza kujipapasa mifukoni.

"Moyo!" Ramadhani akapaza sauti, akagonga kioo kwa fimbo. "Moyo umemshika, jamani. Anatafuta dawa, na dawa ameisahau kwa mkewe!"

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Lakini mimi niliyasikia maneno ya Kiingereza, nayo hayakutaja moyo wala dawa. Rubani alikuwa akiwauliza abiria kwa upole kama yupo aliyeuona ufunguo wa ndege.

Akaja mama mzee akaingia chumba cha marubani. "Huyu ni mjane," akasema Ramadhani, "anaomba ndege irudi akazikwe kwao." Mama yule hakuwa mjane kwa lolote lililosemwa. Alikuwa mama mzazi wa rubani, na alikuwa akimkaripia mwanawe kwa kuendesha kasi mno. Injini ya kushoto ikadondoka. Mama Neema akaukamata mkono wangu. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, kama alivyolia siku Neema alipoondoka.

Hapo nikasimama.

"Si kweli," nilisema.

Ramadhani akasimamisha deki. "Samahani, mzee?"

"Uliyoyasema si yaliyosemwa."

"Mzee, kaa chini, tunalia!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Tumetoka mbali kuja kulia hapa!" mwingine akaongeza.

Nilimwuliza Ramadhani amejifunza wapi Kiingereza. Akanijibu kwa unyofu, na kwa unyofu huo nimemsamehe. Alisema Kiingereza anajua kidogo, cha sokoni, lakini yeye hutafsiri nyuso. "Watazame, Mwalimu. Filamu ya vichekesho, mtu anakodoa macho, anaanguka, anacheka. Hawa tangu mwanzo hakuna aliyetabasamu hata mara moja. Mtu asiyecheka kabisa, juu angani, injini imeanguka, atakuwa anasema nini kama si maneno ya kufa?"

Sikuweza kuidharau hoja hiyo. Ilijengwa vizuri, kilichokosekana ni ushahidi.

"Basi njoo wewe," Ramadhani akasema, akanipa fimbo.

Kanda ikarudishwa mwanzo. Nikasimama kando ya televisheni kama ninavyosimama ubaoni, nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

"Rubani anasema: Abiria wapendwa, kuna yeyote aliyeuona ufunguo wa ndege? Una kamba nyekundu."

 Mtu mmoja akakohoa.

"Mama wa rubani anasema: Punguza mwendo. Ulikuwa hivi hivi kwenye baiskeli, ukamgonga mchungaji."

Nikasikia mguno. Sikuujali.

"Injini ya kushoto imeanguka. Rubani amefungua daftari. Ameandika: Injini, moja."

Ndipo ukumbi ulipopasuka. Niliwaamuru wanyamaze kwa kuwa sisikii. Wakacheka zaidi. Niligonga kabati kwa fimbo, nikasema kwamba kutafsiri ni kazi ya heshima na atakayeendelea kucheka atatoka nje. Mzee mmoja wa kofia ya kiua aliteleza kutoka kwenye benchi akabaki sakafuni, akiniomba kwa ishara ya mkono nisiseme tena. Mimi niliendelea, kwa kuwa rubani alikuwa ameendelea. Abiria wa upande wa kushoto alisema hataki kukaa upande usio na injini, akapewa mwavuli. Mhudumu alimwuliza mwingine kama angependa kuanguka kabla ya chai au baada ya chai. Mwisho ndege ilitua katika shamba la kabichi, na abiria wakateleza chini kwa turubai la dharura lililojazwa hewa, kisha wakakimbia kupanda tena ngazi ili wateleze mara ya pili.

"Hapo mimi nilisema ni kaburi," Ramadhani akanong'ona, "na wanaorudi ni wale waliokataliwa huko chini."

Katikati ya vicheko vile nilisikia kimoja ninachokijua. Mama Neema hucheka kwa kuvuta pumzi ndani kwanza, kisha kimya, kisha ndipo sauti hutoka. Alikuwa amemwegemea Petro begani, khanga mdomoni, na machozi aliyokuwa akiyafuta sasa hayakuwa yale ya mwanzo. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimekisikia kicheko kile. Nilipoteza sentensi mbili za rubani, na hizo sikuzitafsiri. Hilo ndilo kosa langu pekee siku hiyo, na nalikiri.

Jumapili tulipumzika. Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya chakula nilimwambia mke wangu, "Umeona sasa kuwa ulikuwa mzaha."

"Nimeona."

"Basi utakwenda."

"Filamu ni mzaha. Haikusema ndege hazianguki." Akaondoka na vyombo.

Jumatatu asubuhi tulikaa stesheni ya Itigi kungoja garimoshi la kutoka Tabora. Wauza asali walipita na madumu yao. Nilikuwa nimepanga hoja nyingine nne, kisha nikaziacha zote, kwa kuwa nilitambua jambo la aibu. Tangu Petro apite nyumbani nilikuwa nimeuliza nani amesema, na lini, na kwa lugha gani. Mke wangu sikuwa nimemwuliza anaogopa nini.

Nikamwuliza.

Alifunga upya khanga yake. "Si kuanguka. Kuanguka ni kwa Mungu. Naogopa kukaa kule juu katikati ya watu ambao lugha yao siijui. Wakisema jambo, nitaona nyuso tu. Sitajua kama wananikaribisha chai au wananiambia tunakufa. Nitakuwa kama Ramadhani."

 Kiingereza changu chote hakikuwa na tiketi. Nilitazama reli.

Ghafla akaanza kuvuta pumzi ndani, nikajua kicheko kinakuja.

"Nini?"

"Nakukumbuka umesimama pale na fimbo. Uso wa msiba kabisa. 'Injini, moja.' Watu wako chini wanagaagaa, na wewe unawagombeza!" Akajifuta macho. "Baba Neema, miaka thelathini na tatu nausoma uso huo, na haujaniambia kitu hata siku moja. Hata siku ya harusi yetu mama yangu aliniuliza kama umelazimishwa. Nikausoma mwenyewe, bila mtafsiri, na sijakosea. Sasa hao Wazungu watanishinda nini?"

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba mimi nami naogopa. Kwamba nyumba ya Mungaa bila yeye nimeiwaza kila alfajiri tangu tiketi ifike. Alinitazama usoni kidogo tu.

"Najua," alisema. "Andika barua. Mwambie Neema naja."

Niliiandika pale pale, juu ya goti, garimoshi likiingia.

Tulirudi Mungaa kwa njia ile ile, na wiki ya tatu nilimsindikiza hadi Kilimanjaro. Mlangoni mhudumu alimwambia jambo kwa Kiingereza, kwa uso mkavu. Mama Neema alimtazama, akatabasamu, akampa tiketi. Ndiyo iliyotakiwa. Kisha akapita upande ambao wasindikizaji hawaruhusiwi, na ndege nikaiona ikipanda hadi ikawa nukta.

Nilichojifunza ni hiki. Habari inaweza kuwa ya uongo na hofu iliyoiamini ikawa ya kweli, na hofu haiitishiwi shahidi. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimeitendea vinginevyo, nyumbani na darasani.

Baadaye ilikuja barua. Inasema Mama Neema alifika salama, kwamba mtoto ni wa kike, kwamba mama na mwana wana afya, na kwamba bibi huwachekesha watu wa nyumba ile hata wasioijua lugha yake. Hayo yote sikuyaona. Sina shahidi hata mmoja hapa Mungaa. Nimeyaamini.