Chama Kilipokalia Vitabu Vyangu

Chama chetu cha kina mama wa soko kina sheria moja isiyo na msamaha: zamu yako ikifika, hupewi pesa mkononi. Unataja kitu unachokitaka, wenzako wanakuja kwako kunywa chai na kuamua kama kinakufaa, ndipo kinanunuliwa. Kikishafika, wanarudi kukikagua. Mmoja alipata jiko la gesi, mwingine zulia, mwingine masufuria ya kupikia wageni. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka kabati la vitabu.

Walicheka hadi wateja wakageuka. Mwenyekiti wetu, anayeuza viatu karibu na kibanda changu cha nguo za watoto, akaniuliza, "Sasa hiyo kitu itapika nini?" Nikamjibu kwamba chakula si ugali peke yake. Akanikata jicho, akasema tutaonana Jumapili.

Mimi husoma kama mbuzi anavyokula, chochote kilicho mbele yangu. Vitabu navinunua kwa watu wanaovitandaza juu ya magunia kando ya barabara, na huko mtu hachagui sana. Leo unapata kitabu cha vijidudu vinavyoishi tumboni mwa binadamu, kesho hadithi ya watu waliohamia sayari isiyo na maji, halafu historia, halafu siasa za nchi ambayo hakuna anayeitaja hapa Dandora. Nimeuzoea mchanganyiko huo. Nikisoma siasa kwa muda mrefu naumwa kichwa, basi narudi kwa vijidudu, ambavyo angalau hufanya kazi yao bila kupiga kelele.

Shida yangu ilikuwa sakafu. Chumba changu kiko chini kabisa, na mvua ikianza, ukuta wa nyuma hutoa maji yanayopenya polepole chini ya mkeka wa plastiki. Mvua ya mwaka uliopita ilinilia vitabu vingi, na mawingu ya mwaka huu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Zamu hairudi mpaka chama kizunguke chote. Nikilikosa kabati Jumapili ile, ningekaa nikivitazama vitabu vyangu vikioza, na nilijua ningelia, nami si mtu wa kulia.

Wageni walikuwa wanakuja, na mimi nina kiti kimoja tu. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikapanga vitabu marundo marundo hadi usawa wa goti, nikaweka mto juu ya kila rundo, nikafunika na vitambaa nilivyofuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Vikapendeza. Kina mama wakafika, wakaketi, wakala mandazi, wakavisifu viti. Mwenyekiti akataka kujua fundi wake ni nani, maana naye alivitaka. Akainama, akafunua kitambaa.

"Wee mama," alisema taratibu, "umetukalisha juu ya vitabu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini mimi nikibanwa ndipo mdomo unapofunguka. Nikamwambia yeye amekalia siasa, tena kitabu cha juu kabisa kinaeleza jinsi viongozi wanavyong'ang'ania madaraka. Huyu mama ni mwenyekiti tangu chama kianze, na kura hatujawahi kupiga. Mweka hazina alicheka hadi chai ikamtoka puani. Nikamgeukia na yeye, nikamwambia ajiangalie, amekalia historia ya reli.

Akaacha kucheka. Babake alikuwa fundi wa reli, na yeye alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi. Akasimama, akaondoa mto, akapekua rundo. Historia ilikuwa chini kabisa, na maji yalikuwa yameifikia kabla yetu. Akafungua penye picha ya zile nyumba za zamani. Nusu ya picha ilionekana, nusu nyingine ilikuwa imegandamana na ukurasa wa pili. Alijaribu kuitenganisha kwa ukucha, ikachanika.

"Huu mlango ni wa jirani," alisema. "Wetu ndio huu umeshikana."

Hakuna aliyeuliza tena kabati litapika nini. Mwenyekiti aliitisha kura kwa mara ya kwanza katika historia ya chama, labda kile kitabu kilimchoma. Wanaokubali wainue mikono. Wote waliinua isipokuwa mdogo wetu, anayeuza mayai ya kuchemsha. Yeye hakusikia chochote, alikuwa ameshahamia sayari isiyo na maji. Jirani yake akamshika mkono, akamwinulia.

Seremala alileta kabati kabla mvua haijachanganya. La mbao nzito, miguu mirefu, mbali kabisa na sakafu. Chama kikarudi kulikagua kama ilivyo desturi. Mwenyekiti alilizunguka, akaligonga, akaitikisa miguu, kisha akasimama mbele yake amejishika kiuno. Lilikuwa na kitabu kimoja tu.

Akaniuliza kama tumenunua kabati la kuhifadhi vumbi. Nikamwambia awaulize wenzake. Siku ile ya kura kila mtu aliondoka na kiti chake kwapani. Historia mweka hazina alimpelekea babake, yule mzee wa reli, na anasema huisoma akibishana nayo. Yule wa mayai alichukua sayari na vijidudu pamoja, na sasa wateja wake wanahubiriwa habari za matumbo yao. Na siasa zote, rundo zima, nikamkumbusha, alizibeba yeye.

"Bado sijamaliza," alisema. "Usiniharakishe."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua na kile kimoja kilichobaki, cha nyota, akakitia mkobani.

Maisha yangu yote nilikuwa nimesoma peke yangu. Nikabaki nimesimama mbele ya zile mbao tupu, nacheka kama mwendawazimu, na furaha ile hakuna kitabu kilichowahi kunipa.