Mfasiri wa Filamu za Mateke

Alikuwa na sheria moja: hatafsiri filamu ya mateke kabla hajaitazama mwenyewe. Pale Mai Mahiu, kwenye ukumbi wake wa video, madereva wa malori hawajui Kichina, kwa hivyo waliamini kila neno lake. Mimi sipendi filamu ambazo mtu mmoja hupiga arobaini bila kutoka jasho, lakini aliposhika maikrofoni, vidole vikichezea waya, nilisahau chai yangu. "Pokea moja ya Longonot! Ongeza ya Kuresoi!" alinguruma, kila teke akilipa jina la mahali petu, nasi tukaruka kwenye benchi. Jumamosi moja ililetwa filamu mpya ukumbi ukiwa umeshajaa, naye akaanza bila kuitazama. Shujaa, mpishi mzee, alipoanguka na jeraha kwenye paji la uso, akatangaza kwa huzuni, "Mzee wetu ametuacha. Vueni kofia." Tukavua. Mara marehemu akainuka na kuangusha watu kumi na wawili kwa sufuria moja! "Boss, umezika mtu hai!" dereva mmoja akapiga kelele. Tulicheka hadi machozi, na kama angekiri, tungemsamehe. "Huyo ni pacha wake," alisema bila kupepesa macho. Mpishi akageuka, jeraha lile lile kwenye paji la uso. Siku hizi madereva hujaza ukumbi wa ng'ambo ya barabara, naye hutafsiria benchi tupu.